Kupanda Bondwa na ndoo ya mavi: siku saba Uluguru

Nimerudi Dar wiki tatu sasa, ila daftari lilihitaji kukauka kwanza. Kurasa nne za katikati zimegandana na wino umetembea, kwa hiyo haya nimeyaunga kutoka kwenye kilichosomeka, picha za simu, na dada yangu, ambaye nimempigia mara kadhaa kumuuliza "ile ilikuwa siku gani?"

Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake ni madundu wa mavi wanaoishi msituni kwenye Milima ya Uluguru. Msaidizi wake aliugua siku chache kabla ya safari. Akanipigia: "Uko likizo, njoo unibebee mizigo." Hakusema mizigo yenyewe ni nini.

Siku ya 1, Alhamisi 5 Desemba 2024. Dar – Morogoro

Tulipanda treni ya SGR ya asubuhi. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000. Fika mapema na kitambulisho, maana ukaguzi wa mizigo unakula muda kuliko unavyodhani, hasa ukiwa na begi lililojaa vikombe vya plastiki, chandarua kuukuu na mikasi mitatu. Spiriti ya kuhifadhia wadudu hatukuibeba. Nani angetaka kubishana getini juu ya lita tano za kitu kinachowaka? Tuliinunua Morogoro.

Safari haikuchukua hata masaa mawili. Nilisinzia Ruvu, nikaamka milima imeshajaa dirishani, imevaa wingu kiunoni kama khanga. Stesheni ya SGR iko Kihonda, nje ya mji, hivyo ongeza nauli ya daladala au boda. Sisi tulichukua bajaji kwa 6,000 kwa sababu ya mizigo.

Jioni, tukila chipsi kuku, ndipo dada alipofungua mdomo kuhusu ndoo.

Siku ya 2, Ijumaa. Morogoro mjini

Kutwa nzima sokoni na madukani. Chekecheo la mchanga la mafundi ujenzi, 12,000. Magunia mawili ya sandarusi, 2,000. Sabuni ya unga, chumvi, kamba ya katani. Ndoo ya lita kumi yenye mfuniko unaobana, 7,000, na naomba mfuniko huo mtaukumbuka huko mbele.

Kisha mavi. Kumbe dundu si dundu tu. Wako wanaokata donge, wakaliviringisha kwa miguu ya nyuma hadi mbali, wale ambao kila mtoto aliyechunga ng'ombe anawajua. Wako wanaochimba shimo papo hapo chini ya mavi na kuyashusha ardhini kidogo kidogo. Na wako wavivu, wanaoingia ndani ya lundo wakaishi humohumo. Wa msituni wengi ni wachimbaji, na wengi wao hawavutiwi sana na mavi ya ng'ombe, ambayo ni majani matupu. Wanapenda ya anayekula kila kitu. Nguruwe anafaa. "Binadamu anafaa zaidi," dada akasema. Jambo hilo tukaliacha hapohapo.

Mfugaji mmoja wa nguruwe pembezoni mwa mji alitusikiliza hadi mwisho, akatuuliza bustani yetu iko wapi. Dada akamwambia hatuna bustani, tunakwenda kutega wadudu. Mzee akacheka hadi akashika ukuta wa banda. Tulipotoa 5,000 akaisukuma. "Mavi siuzi, mwanangu. Ila mkirudi mniambie mmepata nini." Alitujazia ndoo mwenyewe, akachagua ya asubuhi ile, "mabichi mabichi," kama mtu anayemchagulia mgeni ndizi.

Kwa atakayefikiria kufanya hivi: kutembea msituni na kukusanya viumbe ni mambo mawili tofauti. Mtalii analipia kiingilio cha hifadhi kwa namba ya malipo ya serikali, anatembea, anapiga picha. Mtafiti anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ruhusa ya TFS, wakala wa huduma za misitu, wenye msitu. Dada alikuwa na karatasi zote kwenye mfuko wa nailoni, na ziliombwa mara mbili.

Siku ya 3, Jumamosi. Kupanda Morningside

Boda walitaka 15,000 kila mmoja. Tukashuka hadi 10,000, kisha dereva wangu akasikia harufu. Alisimamisha pikipiki kabla hata mji haujaisha.

"Kaka, umebeba nini?"

"Mbolea."

"Mbolea inapanda mlima? Huko juu ndiko kwenye mbolea."

Tukarudi 12,000. Njia ni mbaya, imechimbwa na mvua, mawe yametoka kama meno, na kwenye kona moja tulishuka tukasukuma. Mfuniko ulishika. Naurudia, ulishika.

Morningside kuna jengo la zamani la Wajerumani na mandhari ya mji wote chini, mabati yakimetameta. Watoto walituuzia stroberi kwenye vikopo, 1,000 kimoja, tamu na chachu kwa pamoja. Tulifikia kwa bibi mmoja anayelima kabichi na njegere kwenye mteremko ambao mimi ningeogopa hata kusimama. Shikamoo, marahaba, karibuni, na kabla hatujakaa ugali ulikuwa mezani na maharage na mboga ya maboga. Ndoo aliielekeza nyuma ya choo bila kuuliza lolote.

Mchana tuliingia msituni na mjukuu wake aliyetuongoza. Mashamba yanaishia ghafla, kama mtu aliyekatwa kauli, halafu ni miti, giza la kijani na ukungu unaopita usoni kama kitambaa kibichi. Tulitega mitego kumi, mmoja kila baada ya hatua sitini.

Mtego wenyewe ni rahisi, ila una adabu zake. Unachimba shimo la kikombe, unakizamisha hadi ukingo wake ulingane na ardhi. Ukichomoza hata unene wa kucha, mdudu anauzunguka na kwenda zake. Ndani unaweka maji yenye chumvi na sabuni kidogo, ili anayedumbukia azame asielee. Juu yake unaning'iniza donge la mavi lililofungwa kwenye kipande cha chandarua, unavusha kijiti cha kulishikilia, na kisha paa la jani pana dhidi ya mvua. Kufunga madonge ilikuwa kazi yangu. Baada ya la nne pua inakufa ganzi, baada ya la saba unaanza kuhadithia mpira.

Tulipomaliza la kumi, dundu wa kwanza alikuwa ameshafika kwenye la sita. Alikuja akiruka, akaanguka kwenye jani kwa kishindo kidogo, tak, akakunja mabawa, akatulia akapanua vipapasio vyake. Ncha zake zina vibamba vinavyofunguka kama kurasa. Ndivyo anavyonusa. Nilichuchumaa pale dakika kumi nzima.

Siku ya 4, Jumapili

Mvua, kuanzia alfajiri hadi usiku. Hatukutoka.

Nilimsaidia bibi kumenya njegere. Akanieleza kwamba shamba lile ni la ukoo wa mama yake, kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa kike, na kwamba marehemu mumewe alikuja hapo "kama mgeni wa kudumu." Kisha akataka kujua kwa nini dada anawatafuta wale wadudu. Dada akaeleza vizuri: wanazika mavi, wanarutubisha udongo, wanapanda mbegu walizomeza wanyama, wakiondoka msitu unaumwa. Bibi akasikiliza. "Maji yenu ya Dar yanatoka huku," akasema. "Basi na wao wamo humo." Ni kweli, Uluguru ndiyo inayolisha Mto Ruvu. Usiku ule kila bati lilivyopigwa na mvua niliwaza vikombe vyetu kumi.

Siku ya 5, Jumatatu 9 Desemba. Msituni hadi Bondwa

Sikukuu ya Uhuru. Redio ya bibi ilikuwa inapiga bendi ya shaba tulipotoka saa kumi na mbili.

Mitego mitatu ilikuwa imefukuliwa kabisa, kikombe kimetafunwa, chandarua hakipo. Mjukuu alitazama nyayo akasema nguruwe pori. Yaani nguruwe kala mavi ya nguruwe. Mmoja ulifurika. Mmoja ulikuwa na siafu tupu, na siafu hao hawakuwa wamekufa wote, suruali yangu ni shahidi. Mitano iliyobaki ilitupa madundu 47.

Nilitegemea weusi. Wako weusi, lakini wako wa kahawia wenye madoa, na mmoja aliyemwagwa kwenye kiganja alitoa mng'ao wa kijani cha shaba kama sarafu ya zamani. Dada aliwatumbukiza kwenye spiriti kila mtego na chupa yake, na ndani ya kila chupa kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Penseli, si kalamu. Wino huyeyuka kwenye spiriti, na chupa isiyo na maandishi, anasema, ni supu.

Kutoka hapo tulipanda kuelekea kilele cha Bondwa tukichekecha. Kuna madundu wadogo wa msituni wasiopatikana kirahisi kwa mavi, wanaishi kwenye majani makavu yaliyooza. Unakwangua majani chini ya miti mikubwa, unayatikisa kwenye chekecheo, unaokota kinachoanguka juu ya kitambaa cheupe. Ni kazi ya kuinama. Gunia la kwanza lilitoa jongoo, buibui, konokono mmoja mwenye hasira. La pili vivyo hivyo.

Dada alikuwa anatafuta kitu maalumu, na nilipochoka alinisimulia ili nisiache. Mwaka 1957 Wabelgiji wawili, Basilewsky na Leleup, walizunguka milima ya Afrika Mashariki wakikusanya wadudu, wakafika Uluguru. Walichokusanya kilikwenda makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka 1960 Mcheki mmoja, Balthasar, akamwelezea dundu mdogo kutoka mizigo ile na kumpa jina la basilewskyi, kwa heshima ya mkusanyaji. Miaka karibu 60 ikapita. Mwaka 2019 wataalamu wakaona hana nafasi kwenye jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu) alimowekwa, wakamtengenezea yake, Grebennikovius, kwa jina la Grebennikov, mtu aliyechekecha majani kwenye milima hii kuliko wengi. Jenasi nzima inajulikana Uluguru tu. Mwaka 2022 zikaongezwa spishi tatu ndani yake, moja ikiitwa lupanganus, kutokana na kilele cha Lupanga, kile kile tulichokuwa tunakiona ng'ambo ukungu ukipasuka.

Mjukuu akasimama kuchekecha. "Lupanga hii hii?"

"Hii hii."

Akatikisa kichwa, akaendelea kwa nguvu mpya. Ni yeye aliyempata, gunia la tano: kitu cheusi kidogo kilichojikunja miguu na kujifanya chembe ya udongo. Angekaa kimya mimi ningekitupa. Gunia la saba likatoa wa pili.

Bondwa, zaidi ya mita 2,100, ni minara ya mawasiliano, baridi, na mlinzi aliyetupa chai ya rangi yenye tangawizi bila hata kutuuliza majina. Mandhari hayakuwepo. Kulikuwa na weupe tu. Beba koti la mvua la kweli. Lile la nailoni la 3,000 langu lilichanika kwapani kabla ya saa nne.

Siku ya 6, Jumanne. Kushuka, na meza

Bibi alitupa njegere mfuko mzima na kukataa fedha ya siku ya ziada tuliyokwama kwa mvua. Ndoo tulimwachia, imeoshwa. Alisema itafaa maziwa. Sikujua kama ni utani.

Mchana tukawa kwenye chumba cha maabara cha kuazima, hadubini moja, kiyoyozi kibovu. Hapa ndipo safari yenyewe ilipoanza, na kama unasoma haya kwa ajili ya milima unaweza kuruka, ila mimi nilijifunza zaidi kwenye kiti kile kuliko kwenye mteremko wote.

Kwanza unamsafisha. Brashi ya kuchorea ya namba ndogo, maji ya uvuguvugu, tope linatoka kwenye mifereji. Kisha pini: inachomwa kwenye bawa gumu la kulia, daima la kulia, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Mdogo asiyestahimili pini anagundishwa kwenye ncha ya kadi. Kisha ndipo unaangalia. Kichwa kimetandazwa kama sepeto. Muundi wa mguu wa mbele una meno ya kuchimbia, na kwa kundi hili ni manne, ila dundu mzee ameyasaga kwa kazi na unaweza kuhesabu matatu ukadhani ni spishi nyingine. Kidari kina vishimo vidogo kama kastabini ya kushonea. Mabawa magumu yana mistari inayohesabiwa moja moja.

Kuna ufunguo wa utambuzi, maandishi yanayokuuliza maswali mawili mawili: pembe ipo au haipo, mng'ao upo au haupo, nenda namba kumi na tano. Ukikosea namba ya nne utatembea kwa kujiamini kabisa hadi kwenye jina lisilo lake.

Wengi wetu walikuwa Onthophagus, jenasi iliyopewa jina mwaka 1802 na yenye spishi zaidi ya 2,000 duniani. Kufikia saa mbili usiku tulikuwa na mafungu. Fungu moja lilitusisimua: madundu weusi wenye mng'ao hafifu, wakubwa, wenye pembe mbili zilizopinda nyuma. Pembeni yao fungu la wanaofanana nao lakini wadogo na hawana pembe. Na la tatu, ukubwa wa kati, badala ya pembe wana kiukingo tu kichwani. Spishi tatu, na moja kati ya hizo haikukubali namba yoyote ya ufunguo. Dada aliacha kuongea. Nilimwona akiandika neno "mpya?" kwa penseli, akalifuta, akaliandika tena.

Siku ya 7, Jumatano. Hukumu, na treni

Msimamizi wake alikuja asubuhi na kikombe cha kahawa. Hakugusa ufunguo. Alichagua mmoja mwenye pembe na mmoja asiye nazo, akalainisha matumbo kwa maji ya moto, akaingiza pini iliyopindwa ncha na kuvuta kiungo cha uzazi cha dume, kitu kigumu cha rangi ya kaharabu, kidogo kuliko punje ya ufuta. Cha wa kwanza. Cha wa pili. Akavilaza pamoja chini ya hadubini na kuniambia nitazame mimi, nisiye na elimu.

Vilikuwa sawasawa, kama funguo mbili za kufuli moja.

"Hizi si spishi tatu," akasema. "Hii ni familia. Baba mkubwa, baba mdogo, na mama."

Mabuu waliopewa donge kubwa la mavi hukua na kuwa madume wenye pembe, wanaolinda mlango wa shimo alimo jike. Waliopewa dogo hutoka wadogo bila pembe, wala hawapigani; wanachimba njia ya pembeni na kuingia kwa jike kimyakimya. Wenye kiukingo ni majike wenyewe. Na ufunguo ulikataa kwa sababu mwandishi wake aliwaona wenye pembe tu. Dada alifuta "mpya?" mara ya mwisho, akacheka, ila masikio yalikuwa mekundu.

Nikauliza, je angekuwa mpya kweli? Kumbe kupata ni sehemu ndogo. Ni lazima umlinganishe na ndugu zake wote wanaojulikana. Unachagua mmoja awe holotaipu, kielelezo kitakachobeba jina milele, unataja makumbusho atakamowekwa. Unaandika maelezo, unachora, unapima. Jina lazima liwe la herufi za Kilatini. Tangu 2012 unaweza kuchapisha kimtandao, mradi uandikishe kwenye ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Na wa kulinganisha nao wengi wako kwenye droo Ulaya, walikopelekwa na akina Basilewsky. Picha huombwa kwa barua pepe, na ukijaliwa unajibiwa.

Wakafika kwa wale wawili wa Bondwa. Msimamizi alikaa nao muda mrefu, kahawa ikapoa. Ndiyo, wanafanana sana na kundi lile la Uluguru. Spishi ipi, anahitaji dume. Akawafungua kwa uangalifu ule ule.

Wote wawili majike.

Lebo niliziandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mdogo: Tanzania, Morogoro, Uluguru, mita, tarehe, kuchekecha majani. Mahali pa mkusanyaji dada alinisomea jina la yule mjukuu. Mahali pa spishi tuliacha wazi.

Kabla ya treni ya jioni tulipitia kwa mfugaji wa nguruwe. Tulimwonyesha picha ya mwenye pembe kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena, akamwita mkewe aje aone.

"Huyu kala kwangu," akamwambia.

Dada anarudi masika yakiisha. Ameshaniuliza kama nitakuwa na likizo.